Oksana Chusovitina: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Olimpiki inapokaribia, ndugu na marafiki wanaojua kwamba mimi ni mgonjwa wa jimnastiki huniuliza maswali yaleyale kuhusu "yule mama wa Uzbekistan". Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu mambo yenyewe ni marefu. Mengine hayahitaji zaidi ya mstari mmoja.

Kwanza, ni nani huyu?

Oksana Chusovitina alizaliwa tarehe 19 Juni 1975 mjini Bukhara, Uzbekistan, enzi hizo ikiwa mojawapo ya jamhuri za Umoja wa Kisovieti. Alianza jimnastiki akiwa na miaka 7. Mwaka 1988, akiwa na miaka 13, akawa bingwa wa vijana wa Umoja wa Kisovieti kwa jumla ya vifaa vyote vinne. Taji hilo halikuwa dogo. Katika nchi ile, kupata nafasi kwenye timu ya taifa kulikuwa kugumu kuliko kupata medali ukishaingia.

Ameolewa na mwanamieleka Bakhodir Kurbanov, na wana mtoto mmoja wa kiume, Alisher, aliyezaliwa Novemba 1999. Mkumbuke huyo Alisher, tutamrudia.

Vifaa vinne ni vipi?

Kwa wanawake: meza ya kurukia, fito mbili za urefu tofauti, boriti na sakafu. Boriti ina upana wa sentimita 10, yaani kama urefu wa kidole cha kati na kipande cha kiganja. Sakafu ni mraba wa mita 12 kwa 12, na zoezi lake haliruhusiwi kuzidi sekunde 90 na huambatana na muziki. Meza nitaieleza kwa kirefu chini, maana ndiyo iliyomlisha.

Ni kweli amecheza Olimpiki nane?

Kweli kabisa: Barcelona 1992, Atlanta 1996, Sydney 2000, Athens 2004, Beijing 2008, London 2012, Rio 2016 na Tokyo, ile ya 2020 iliyochezwa 2021. Hakuna mwanajimnastiki mwingine, wa kike wala wa kiume, aliyefika nane.

Barcelona alikuwa na miaka 17. Tokyo alikuwa na 46. Bingwa wa Olimpiki wa kuruka meza pale Tokyo, Rebeca Andrade wa Brazil, alizaliwa 1999, mwaka uleule aliozaliwa Alisher.

Mbona ameshindania nchi nyingi hivyo? Ni mambo ya pesa?

Bendera za kwanza zilibadilika juu ya kichwa chake. Septemba 1991, kwenye Ubingwa wa Dunia mjini Indianapolis, alivaa nembo ya Umoja wa Kisovieti. Miezi michache baadaye nchi hiyo haikuwepo tena. Barcelona mwaka uliofuata, wanamichezo wa zilizokuwa jamhuri zake wakashiriki kama Timu ya Pamoja, chini ya bendera ya Olimpiki. Yeye na wenzake, akina Svetlana Boginskaya na Tatiana Gutsu, wakachukua dhahabu ya timu, kisha kila mmoja akarudi kwao, kwenye nchi mpya.

Kuanzia 1993 alishindania Uzbekistan. Mwaka 2006 akapata uraia wa Ujerumani na kuivalia Ujerumani hadi London 2012. Mwaka 2013 akarejea Uzbekistan. Katika mabadiliko yote hayo, ni kuhamia Ujerumani na kurudi kwake tu alikokuchagua mwenyewe, na hata kwa huko kuhamia sijui kama neno "kuchagua" linatosha. Soma jibu linalofuata.

Hadithi ya mwanawe ni ya kweli au ni chumvi za waandishi?

Ni ya kweli. Mwaka 2002 Alisher, akiwa hajatimiza miaka mitatu, aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Tiba aliyohitaji haikupatikana nyumbani, na ilikuwa ghali. Watu wa klabu ya jimnastiki mjini Cologne, Ujerumani, wakawafungulia mlango familia nzima. Wanajimnastiki na mashabiki wa nchi mbalimbali wakachanga. Sehemu iliyobaki, mama aliitafuta kwa kazi aliyoijua.

Jimnastiki si kandanda. Fedha za zawadi kwenye mashindano ya kombe la dunia ni ndogo, kwa hiyo ukitaka zitoshe kulipa hospitali lazima ushiriki mashindano mengi, na lazima umalize kwenye nafasi za juu. Basi akazunguka. Mwaka huohuo wa 2002 alichukua dhahabu mbili kwenye Michezo ya Asia mjini Busan, moja mezani na nyingine sakafuni, na baadaye shaba ya dunia mezani mjini Debrecen. Mwaka 2003 mjini Anaheim, akiwa na miaka 28, akawa bingwa wa dunia wa kuruka meza, miaka 12 baada ya dhahabu zake za kwanza za dunia. Wakati wote huo aliishi Ujerumani lakini akishindania Uzbekistan, kwa kuwa uraia haupatikani kwa mwezi mmoja.

Beijing 2008, sasa akiwa Mjerumani mwenye miaka 33, akapata medali ya fedha. Hong Un-jong wa Korea Kaskazini alikuwa na 15.650, Chusovitina 15.575, Cheng Fei wa China 15.562. Kati yake na shaba kulikuwa na nukta 0.013, pungufu hata ya kinachokatwa kwa hatua ndogo moja ya mguu wakati wa kutua. Ndiyo medali yake pekee ya Olimpiki ya mtu binafsi. Kufikia wakati huo Alisher alikuwa amepona.

Hapa ndipo ninapoachana na waandishi wengi. Wanaisimulia hadithi hii kana kwamba inaeleza kila kitu: mama aliruka ili mtoto aishi. Inaeleza miaka sita. Mtoto alipona 2008, mama akaendelea kuruka 2012, 2016, 2021, na baada ya hapo. Hakuna bili ya hospitali iliyokuwa ikimsukuma tena. Alikuwa anaupenda mchezo na alikuwa bado anauweza, na mwanamke mtu mzima haruhusiwi kirahisi kuwa na sababu hiyo. Lazima tumtafutie mtoto mgonjwa ndipo tumwelewe.

Kwa nini wengi huacha mapema, na yeye aliwezaje?

Mchezo huu unadai nguvu kubwa kwa mwili mwepesi, na kila kutua kunapiga vifundo, magoti na mgongo. Msichana anayefanya mazoezi kila siku tangu utotoni, akifika miaka 20 tayari ana mwili wa mfanyakazi wa miaka mingi. Zamani kulikuwa na sababu nyingine pia: makocha waliamini mwanajimnastiki bora ni mtoto. Umri wa chini wa kushiriki mashindano makubwa ya wakubwa ulikuwa miaka 15, ukapandishwa kuwa 16 kuanzia 1997.

Chusovitina aliwezaje? Jibu langu ni kwamba alijua cha kuacha. Hadi Beijing alikuwa bado anacheza vifaa vyote. Baadaye akaanza kupunguza mizigo. Fito zinakula mabega na viganja. Boriti inakula muda: saa nyingi za mazoezi kwa kitu ambacho kikiyumba kidogo umeanguka. Sakafu ni sekunde 90 za kudunda. Meza je? Mbio fupi, ubao, mikono, hewani, chini. Mara mbili, umemaliza. Inataka kasi na nguvu za miguu, na hisia ya kujua uko wapi hewani, na hiyo haizeeki haraka ukiilinda.

Msaada mwingine ni kanuni zenyewe. Katika fainali za vifaa, kila kifaa kina mabingwa wake, kwa hiyo mtu anaweza kuwa fundi wa kitu kimoja tu na bado akafika kileleni. Ingekuwa lazima kucheza vyote vinne, tungekuwa tumeshamsahau.

Sidai kwamba mwili wake ni wa chuma. Mwishoni mwa 2008, baada ya ile fedha ya Beijing, kano yake ya kisigino ilikatika. Kwa watu wengi wa mchezo huu hiyo ndiyo barua ya kustaafu. Mwaka 2011 mjini Tokyo alikuwa na fedha nyingine ya dunia shingoni.

Kuruka meza kunafanyikaje hasa? Kwenye televisheni kunapita haraka.

Kweli kunapita haraka, ndiyo maana wengi hawaoni kazi iliyomo. Fuatana naye.

Anasimama mwisho wa njia, isiyozidi mita 25. Amejipaka chokaa viganjani. Jaji akitoa ishara, ananyoosha mkono juu, kisha anaanza mbio, na mbio zake si za madoido: miguu inapiga chini kwa haraka, mabega yametulia. Mbele ya meza kuna ubao wenye springi. Miguu yote miwili inaupiga kwa pamoja, mwili unaelea kichwa kikiwa mbele, viganja vinagusa meza iliyo sentimita 125 kutoka chini. Kugusa huko ni kufumba na kufumbua. Mikono haisukumi kwa kukunja kiwiko, inasukuma kwa mabega, kama mtu anayeipiga meza kofi akiwa kichwa chini. Kisha anapaa. Hapo juu ndipo samasoti na mizunguko inapofanyika, na kabla hujahesabu mbili ameshatua. Majaji wanaangalia miguu ilipoangukia: ndani ya mistari au nje, imetulia au imepiga hatua.

Anayetaka kuingia fainali ya kifaa hiki lazima aruke mara mbili, kwa mitindo ya familia tofauti, na alama ni wastani wa miruko hiyo. Ndiyo maana mtu mwenye mruko mmoja wa ajabu hafiki mbali.

Jambo la pembeni: hadi 2000 walikuwa wanaruka "farasi", kifaa chembamba chenye umbo la pipa refu, kikiwekwa kwa upana kwa wanawake. Sydney, katika fainali ya jumla ya wanawake, farasi aliwekwa chini kwa sentimita 5 kuliko inavyotakiwa. Wasichana wakaanguka mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akijilaumu, mpaka Mwaustralia Allana Slater aliposema kuna kitu hakiko sawa. Sentimita 5 tu. Mwaka uliofuata farasi akaondolewa na meza pana ikaja. Chusovitina ana medali za dunia kwa vifaa vyote viwili.

Alama zinahesabiwaje? Ile kumi kamili ilienda wapi?

Kumi, iliyokuwa alama ya juu kabisa, iliondoka 2006. Tangu hapo kuna alama mbili zinazojumlishwa: ya ugumu, inayotegemea ulichokifanya, na ya utekelezaji, inayoanzia 10 na kukatwa kwa kila kosa. Kuanguka kunakata pointi 1 nzima. Chusovitina aliushinda ulimwengu chini ya mfumo wa zamani, akajifunza mpya akiwa na miaka zaidi ya 30, na akapata medali chini ya huo pia.

Pale Rio alijaribu nini, na kwa nini watu walisema ni wazimu?

Alijaribu Produnova, mruko uliopewa jina la Mrusi Yelena Produnova, aliyeufanya 1999. Unaingia mezani uso ukiwa mbele, kisha unapiga samasoti mbili za mbele hewani kabla ya kutua. Ukipungukiwa na mzunguko, unaweza kutua kwa shingo. Ukizidisha, unajikunja mbele kwa kasi ambayo huna namna ya kuizuia. Tena samasoti ya mbele haikuonyeshi ardhi mpaka umechelewa: miguu inafika kabla macho hayajaiona. Wengi waliuita mruko wa kifo.

Alikuwa na miaka 41. Miongoni mwa wengine waliofikia fainali ile ni Simone Biles, Maria Paseka na Giulia Steingruber, walioondoka na medali kwa mpangilio huo, na Dipa Karmakar wa India, aliyefanya Produnova yake na kumaliza wa nne. Chusovitina alizidisha mzunguko, akatua kwa miguu na kubiringika mbele. Akawa wa saba.

Wazimu? Mimi naona hesabu. Wakati ule mruko huo ulikuwa na ugumu wa 7.0, wa juu kuliko mingine yote iliyokuwa ikifanywa. Alijua kwa miruko yake ya kawaida angemaliza katikati ya orodha. Nafasi ya tano alishaipata London. Alitaka medali, akaenda njia pekee iliyofika huko. Hata hivyo nisingependa mtoto yeyote aige, na wakuu wa mchezo baadaye waliupunguzia mruko huo thamani, nami naona walifanya vyema.

Ana medali ngapi za dunia?

Kumi na moja, tisa kati yake za kuruka meza: 1991, 1992, 1993, 2001, 2002, 2003, 2005, 2006 na 2011. Mbili nyingine ni dhahabu za 1991, ya timu na ya sakafuni. Ile ya sakafuni aligawana na Cristina Bontaș wa Romania.

Kuna mtindo wenye jina lake?

Upo, tena zaidi ya mmoja. Maarufu zaidi ni wa sakafuni: samasoti mbili za nyuma mwili ukiwa umenyooka, pamoja na mzunguko mmoja kamili. Aliuonyesha 1991. Miaka zaidi ya 30 baadaye bado kuna wasichana wanaouweka kama tukio zito la ufunguzi wa zoezi lao.

Nini kilitokea Tokyo?

Ukumbi ulikuwa hauna watazamaji, kwa sababu ya korona. Tarehe 25 Julai 2021 aliruka mara mbili, wastani 14.166, nafasi ya 14. Wanaoingia fainali ni wanane. Hapo Olimpiki yake ya nane ikaisha.

Kisha walioruhusiwa kuwemo ndani, wanajimnastiki, makocha, majaji na wafanyakazi, wakasimama na kupiga makofi. Wasichana ambao mama zao wana umri wake walipanga foleni kupiga naye picha. Alilia, akapunga mkono kuelekea viti vitupu. Nimeshaona makofi mengi ya ukumbi uliojaa. Yale ya watu wachache wanaojua kazi yenyewe yana sauti yake.

Kwa hiyo alistaafu?

Alisema amestaafu. Hata baada ya London alisema, akarudi 2013. Baada ya Tokyo alirudi pia, akitaka medali ya Michezo ya Asia. Michezo hiyo ilifanyika Hangzhou 2023, akamaliza wa nne. Akaelekeza macho Paris 2024, lakini aliumia kabla tu ya Ubingwa wa Asia mjini Tashkent, nchini kwake mwenyewe, na tiketi ikapotea. Angefika, ingekuwa Olimpiki ya tisa akiwa na miaka 49.

Mwaka 2017 aliingizwa kwenye ukumbi wa kimataifa wa magwiji wa jimnastiki, wa kwanza kupewa heshima hiyo akiwa bado anashindana. Kawaida wanasubiri uache kwanza.

Kuna kisa gani kizuri ambacho watu hawakijui?

Changu ni hiki. Atlanta 1996, Yeo Hong-chul wa Korea Kusini alipata fedha ya kuruka kwa wanaume. Chusovitina alikuwa kwenye Olimpiki hiyohiyo. Miaka 22 ikapita. Jakarta 2018, fainali ya meza ya Michezo ya Asia, Chusovitina akapata fedha. Aliyemshinda? Yeo Seo-jeong, mtoto wa yule Yeo, aliyezaliwa 2002.

Nani zaidi, yeye au Simone Biles?

Biles. Si swali gumu. Biles ana ugumu na ushindi ambao hakuna aliyewahi kuwa nao. Chusovitina hakuwahi kuwa bora wa vifaa vyote duniani. Swali lenyewe linawapima kwa mizani isiyo yao, kama kuuliza nani zaidi kati ya mshindi wa mita 100 na mtu aliyekimbia marathoni kwa miaka 30.

Na Afrika? Tuna mtu?

Tunaye. Kaylia Nemour, aliyezaliwa Ufaransa na kuichezea Algeria, alichukua dhahabu ya fito Paris 2024 kwa alama 15.700, medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa bara letu. Naye alibadili bendera, baada ya mvutano mrefu, kwa hiyo wanaomcheka Chusovitina kwa pasi zake wawe waangalifu wanapomshangilia Nemour. Huku kwetu vijana wanaopiga samasoti mchangani hawakosekani. Kinachokosekana ni meza, mkeka, na kocha wa kuwapokea wakiwa na miaka 7.

Nikitaka kumtazama, nianze wapi?

Anza na mruko wake wa 1991, halafu Beijing 2008, halafu Tokyo. Usiangalie samasoti. Angalia hatua nne za mwisho kabla ya ubao, mara kadhaa, ukirudisha nyuma. Kwenye ile ya kwanza utaona msichana anayekimbia kama anafukuzwa. Kwenye ya Tokyo mbio zimepungua, na mguu bado unaangukia palepale.